Goliad, Texas: Historia ya Mji na Suala la Msimulizi

Historia ya Goliad, mji mdogo wa kusini mwa Texas, huanza kusomeka katika jina lake. Mnamo 1829 mji huo, uliojulikana awali kama La Bahía, ulipewa jina lililoundwa kwa kupangua herufi za jina la Hidalgo, kasisi aliyeanzisha vita vya uhuru wa Meksiko mwaka 1810. Herufi H iliachwa kwa kuwa haitamkwi katika Kihispania. Mwaka huohuo alizaliwa hapo Ignacio Zaragoza, jemadari aliyewashinda Wafaransa huko Puebla mnamo 1862.

Hata hivyo, kumbukumbu rasmi ya mji imejengwa juu ya tukio la Machi 1836, wanajeshi wa Meksiko walipowaua mateka zaidi ya 300 wa jeshi la Texas. Majuma machache baadaye, jina la Goliad likawa ukemi wa vita huko San Jacinto. Ukemi huo unanyamazia jambo moja: katiba ya Jamhuri ya Texas ya 1836 ilihalalisha utumwa. Uhuru uliopiganiwa haukuwa wa wote.

Pengo hilo ndilo linaloipa uzito kazi ya J. Mason Brewer, Mwamerika Mweusi aliyezaliwa Goliad mnamo 1896. Mwaka 1932 Chama cha Fokloo cha Texas kilichapisha mkusanyiko wake wa ngano za enzi ya utumwa, katika kitabu kilichohaririwa na J. Frank Dobie. The Word on the Brazos (1953) inahusu wahubiri na waumini wa bonde la mto Brazos. Ingawa ngano hizo hazitoki Goliad pekee, zinamrejesha msimulizi aliyeachwa nje. Ndani yake mtumwa humshinda bwana wake kwa ulimi, si kwa bunduki.

Brewer aliziandika kwa lahaja ya wasimulizi wenyewe. Uamuzi huo una utata, maana waandishi wazungu walikuwa wameitumia mbinu iyo hiyo kuwakejeli Weusi. Lakini maana ya lahaja haitokani na tahajia peke yake, bali pia na uhusiano wa mwandishi na fanani wake. Kwa Brewer, lahaja ni hati ya umilikaji.

Hivyo basi, mhakiki akiishia kwenye minara ya ukumbusho atawajua waliouawa mwaka 1836. Waliobaki utumwani hadi Juni 1865 atawasikia katika ngano.