Just Fontaine: Mabao 13 na Mguu Uliovunjika

Msikilizaji mpenzi, katika miaka yangu mbele ya kipaza sauti nimelitaja jina la Just Fontaine mara nyingi, na karibu kila mara nimelitaja pamoja na tarakimu moja: 13. Hayo ni mabao aliyofunga mshambuliaji huyo wa Ufaransa katika fainali za Kombe la Dunia za 1958 kule Sweden, kwa mechi sita tu. Sándor Kocsis wa Hungary alikuwa amefunga 11 mwaka 1954. Gerd Müller alifikisha 10 mwaka 1970. Kylian Mbappé, pamoja na kufunga matatu katika mechi ya fainali ya 2022, aliondoka Qatar na mabao manane. Kila baada ya miaka minne mabishano ya vijiweni hurudi kwenye hesabu hiyo. Leo nami naanzia hapo, lakini sitaishia hapo, maana kazi kubwa ya mtu huyu, kwa maoni yangu, aliifanya wakati mguu wake umekwisha kuvunjika.

Fontaine alizaliwa mjini Marrakech, Agosti 18, 1933, wakati Morocco ikiwa chini ya himaya ya Ufaransa. Baba yake alikuwa Mfaransa, mama yake Mhispania. Soka alianza kuicheza Casablanca, na mwaka 1953 akavuka bahari kwenda klabu ya Nice. Desemba mwaka huo huo aliichezea Ufaransa kwa mara ya kwanza, dhidi ya Luxembourg, akapachika mabao matatu. Mwaka 1956 Nice ilitwaa ubingwa, na kiangazi hicho akahamia Reims, klabu iliyokuwa ikitamba wakati huo. Reims ilikuwa imempoteza Raymond Kopa, aliyekwenda Real Madrid, na ilitaka mtu wa kuziba pengo. Fontaine aliliziba: msimu wa 1957/58 alifunga mabao 34 ya ligi, na Reims ikachukua ubingwa na Kombe la Ufaransa kwa mpigo.

Hata hivyo, hakwenda Sweden kama nyota. Majira ya baridi kabla ya fainali hizo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, na aliyetazamiwa kuongoza mashambulizi alikuwa mwenzake wa Reims, René Bliard. Bliard akaumia kifundo cha mguu, akarudishwa nyumbani. Wahenga walisema kufa kufaana. Nafasi ikamwangukia Fontaine, naye wakati huo hata daluga hakuwa nazo, kwa kuwa zake zilipasuka mazoezini. Hapakuwa na kampuni ya kumletea jozi mpya kwa ndege. Mchezaji wa akiba, Stéphane Bruey, aliyevaa saizi moja naye, akamwazima za kwake.

Kwa daluga hizo za kuazima alianza na Paraguay, Juni 8, akafunga matatu, Ufaransa ikashinda 7-3. Yugoslavia iliwafunga Wafaransa 3-2, lakini mabao yote mawili yalikuwa ya Fontaine. Akaifunga Scotland moja, Ireland ya Kaskazini mawili. Katika nusu fainali aliitungua Brazil, na hilo ndilo bao la kwanza Brazil kufungwa katika mashindano yale. Mechi ikiwa bado 1-1, beki Robert Jonquet akavunjika mguu. Siku hizo mchezaji hakubadilishwa. Ufaransa ikabaki kama watu kumi mbele ya kijana wa miaka 17 aitwaye Pelé, ikalala 5-2. Siku ya kuwania nafasi ya tatu, Fontaine aliifunga Ujerumani Magharibi mabao manne katika ushindi wa 6-3, na penalti ya siku hiyo alipiga Kopa, si yeye. Zawadi aliyopewa na gazeti moja la Sweden ilikuwa bunduki ya upepo.

Hapo ndipo simulizi nyingi hukoma. Mimi naomba tuendelee.

Msimu uliofuata aliongoza kwa ufungaji katika Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, mabao 10, na Reims ikafika fainali iliyopotezwa 2-0 kwa Real Madrid. Kisha, Machi 1960, katika mechi ya ligi dhidi ya Sochaux, mguu wake ulivunjika. Akapona, akarudi, hata timu ya taifa akaichezea tena. Januari 1961 mguu ule ule ukavunjika mara ya pili. Mwaka 1962 akatundika daluga kabla hajatimiza miaka 29. Alikuwa ameichezea Ufaransa mechi 21 na kufunga mabao 30. Piga hesabu mwenyewe.

Sasa tuangalie hali ya mchezaji wa kulipwa wa Ufaransa katika miaka hiyo. Kijana akishatia saini mkataba, alikuwa mali ya klabu hadi atimize miaka 35. Klabu ikitaka kumuuza, ilimuuza. Ikikataa asiondoke, alibaki. Watazamaji walilipa viingilio kumwona yeye, lakini katika mazungumzo juu ya maisha yake hakuwa na kiti. Akivunjika, ndiyo basi tena.

Novemba 1961, Fontaine akiwa bado anauguza mguu, wachezaji walianzisha chama chao, UNFP. Aliyekuwa mstari wa mbele kuliasisi wazo hilo alikuwa Mwafrika, Eugène N'Jo Léa wa Cameroon, mshambuliaji aliyetwaa ubingwa na Saint-Étienne mwaka 1957, na ambaye huku akicheza mpira alisomea sheria. Kopa naye alikuwamo. Na rais wa kwanza wa chama akawa Just Fontaine.

Natafakari sana uchaguzi huo. Mchezaji wa kawaida angethubutu kusema, viongozi wa klabu wangemwonyesha mlango. Lakini nani angemwambia mfungaji wa mabao 13 kwamba hajui mpira? Na nani angemtisha kwa kumnyima namba, ilhali mguu ulikwisha mnyima? Jina alilolipata Sweden akalifanya ngao ya wenzake. Kwamba mapambano hayo hayakuwa ya mzaha yalionekana mwaka 1963, Kopa alipotamka gazetini kuwa wachezaji ni watumwa. Alipewa adhabu ya kufungiwa, ingawa alikuwa nahodha na fahari ya taifa.

Haki haikuja kwa siku moja. Mwaka 1969 ndipo Ufaransa ilipokubali mkataba wa muda maalumu, mchezaji akimaliza miaka yake awe huru kwenda atakako. Mwaka 1972 wenye klabu walijaribu kurudisha mambo nyuma, wachezaji wakagoma, na mwaka 1973 pande zote zikakubaliana masharti ya kazi hiyo. Kumbuka kwamba kesi maarufu ya Jean-Marc Bosman, iliyowafungulia milango wachezaji wa Ulaya, iliamuliwa Desemba 1995, miaka 26 baada ya ule mkataba wa Ufaransa.

Baadaye Fontaine alikuwa kocha. Timu ya taifa ya Ufaransa aliifundisha mechi mbili tu mwaka 1967, akapoteza zote. Paris Saint-Germain aliipandisha daraja la kwanza mwaka 1974, na Morocco, nchi aliyozaliwa, ilishika nafasi ya tatu katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980 akiwa kocha wake. Alifariki dunia Machi 1, 2023, mjini Toulouse, akiwa na miaka 89.

Siku atakapotokea mtu wa kufunga 14, tutampigia makofi, na Fontaine atashuka nafasi moja katika orodha. Lakini kila mchezaji wa Ufaransa anayemaliza mkataba wake na kuondoka bila kuomba ruhusa ya mtu, anatembea juu ya njia iliyochimbwa na watu wa 1961. Kwa hiyo wewe kijana unayecheza mpira na kuota kwenda mbali, mbali na kuhesabu mabao, soma karatasi kabla hujatia saini, na ujue nani atasimama nawe siku mguu utakapokukataa.

Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.