Wanasayansi wa silaha, kuhamishiwa kazi za amani

Ni mpango wa kuwapatia watafiti waliounda silaha za nyuklia, kemikali na viini vya magonjwa kazi nyingine ya halali. Ulianza Umoja wa Kisovieti uliposambaratika mnamo Desemba 1991. Mishahara ilichelewa kwa miezi, na hofu ilikuwa kwamba mtaalamu mwenye njaa angeuza ujuzi wake kwa yeyote mwenye fedha.

Marekani, Japani, Urusi na Jumuiya ya Ulaya zilitia saini mkataba wa kuunda Kituo cha Kimataifa cha Sayansi na Teknolojia (ISTC) mwaka 1992. Kilianza kazi Moscow mwaka 1994. Kiliwalipa wanasayansi moja kwa moja kwa miradi ya chanjo, mazingira, nishati na usalama wa vinu vya nyuklia. Kwa kigezo cha kuzuia ujuzi usitoroke, kilifaulu kwa kiasi kikubwa. Biashara ndiyo ilikuwa ngumu: aliyezoea kuhudumia jeshi hakujua soko, na ruzuku ilipokwisha, miradi mingi haikupata mnunuzi. Urusi ilijitoa mwaka 2015, makao yakahamia Astana, Kazakhstan.

Afrika Mashariki haikuwa na wanasayansi wa namna hiyo, lakini ina maabara zinazohifadhi viini hatari kwa ajili ya tiba. Novemba 2010 Seneta Richard Lugar, mwasisi mwenza wa mpango wa Marekani wa kupunguza tishio la silaha za aina hiyo, alizuru Kenya, Uganda na Burundi kuhimiza ulinzi wa maabara hizo.