Kichupa cha Dozi Kumi

Wanaosimulia historia ya chanjo nchini Kongo hupenda kuanzia kwenye siku kubwa, na mimi nilisimuliwa hivyo hivyo. Agosti 1999, vita vya pili vikiwa vimeigawa nchi vipande, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, aliziomba pande zote zinyamazishe bunduki ili watoto wapewe matone ya polio. Wachanjaji wakavuka mistari ya mapigano na visanduku vyao vya baridi mabegani, na mamilioni ya watoto wakapata matone. Ni habari ya kweli na ya kujivunia. Lakini kila nikiisikia hujiuliza swali moja: mtoto aliyezaliwa wiki iliyofuata, baada ya wachanjaji kurudi makwao na bunduki kuanza tena kulia, alichanjwa na nani?

Swali hilo lilinikaa kichwani tangu 2018, nilipoajiriwa kama karani wa takwimu katika ofisi ya zoni moja ya afya, jimbo la Tanganyika, ng'ambo ya ziwa kutoka Kigoma. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu: vichupa vilivyoingia, vichupa vilivyofunguliwa, watoto waliochanjwa, vituo vilivyofanya chanjo na ambavyo havikufanya. Si kazi ya kusimuliwa redioni. Hata hivyo, ndani ya madaftari yale nilikuta historia nyingine, isiyo na siku kubwa hata moja.

Historia hiyo inaanzia 1974, Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wa kupanua chanjo kwa watoto wote. Wakati huo, katika nchi maskini, hawakufika watano katika kila watoto mia waliokuwa wakipata chanjo kamili. Magonjwa yaliyolengwa yalikuwa sita: kifua kikuu, dondakoo, pepopunda, kifaduro, polio na surua. Dawa zake zilikuwapo tayari. Kilichokosekana ni njia ya kumfikisha mtoto mbele ya sindano, tena si mara moja. Kwa ratiba tuliyoitumia sisi, mtoto anatakiwa aonekane anapozaliwa, kisha wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, halafu akitimiza miezi tisa. Mara tano kabla hajamaliza mwaka. Ndui iliweza kutokomezwa kwa kuwafuata wagonjwa na kuwachanja waliowazunguka, kwa sababu ukishaimaliza, umeimaliza. Chanjo hizi nyingine hazina mwisho wa namna hiyo. Kila asubuhi wanazaliwa watoto wengine, na hesabu inaanza upya.

Miaka ya 1980 dunia iliitikia. James Grant, aliyeongoza UNICEF, aliwasukuma marais na mawaziri kana kwamba anakampeni uchaguzi. Watoto waliopata dozi tatu za chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro walikuwa takribani asilimia 20 duniani mwaka 1980; kufikia 1990 walipita asilimia 70. Zaire nayo ilipata majokofu ya mafuta ya taa, pikipiki na kadi za watoto. Jokofu la mafuta ya taa ni mnyama wa kulishwa kila siku. Utambi ukichafuka linatoa moshi, mafuta yakiisha linalala, na chanjo inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 inaharibika bila kubadilika rangi wala harufu.

Kisha walishaji wakaondoka. Mwaka 1990, baada ya wanafunzi kuuawa katika chuo kikuu cha Lubumbashi, Ubelgiji ilisimamisha misaada yake. Septemba 1991 na Januari 1993 wanajeshi wasiolipwa walipora miji. Pesa ilipoteza thamani hadi mshahara wa muuguzi haukununua hata kapu la mihogo. Mwaka 1996 ikaja vita, na 1998 ikaja nyingine. Hakuna aliyetangaza kwamba chanjo za kawaida zimefutwa. Kituo kimoja kilikosa mafuta, cha pili kikakosa mabomba ya sindano, cha tatu kikakosa muuguzi. Kilichobaki ni kampeni: watu wa nje walileta magari, posho na fulana, wakachanja kwa siku tatu, wakaondoka.

Siwezi kuzikejeli kampeni. Ndizo zilizoondoa polio ya asili nchini. Mgonjwa wa mwisho alipatikana 2011. Ila zilifundisha somo baya pia, kwamba chanjo ni kitu kinachokuja na gari. Mwaka 2017 somo hilo lilianza kututoza gharama. Polio ilionekana tena Maniema na Haut-Lomami, ikafika Tanganyika, lakini haikuwa ile ya asili. Virusi vilivyodhoofishwa, vile vya kwenye matone, vikizunguka muda mrefu mahali penye watoto wengi wasiochanjwa, vinaweza kubadilika na kurudia ukali wao. Mlipuko ule ulikuwa ripoti ya ukaguzi. Ulionyesha nani hakuwa akifikiwa katika siku zisizo za kampeni.

Ukaguzi mwingine ulikuja kwa tarakimu. Utafiti wa kaya wa 2017 na 2018 ulionyesha kwamba watoto wenye umri wa mwaka mmoja waliopata chanjo zote walikuwa asilimia 35 tu. Oktoba 2018 serikali ikazindua mpango wa dharura, ukapewa jina la Profesa Mashako Mamba, waziri wa afya wa zamani. Mpango wa Mashako ulianza na majimbo tisa kati ya 26, letu likiwamo. Niliposoma karatasi zake mara ya kwanza nilistaajabu kwa jinsi zilivyouliza maswali madogo. Je, kipindi cha chanjo kilichopangwa kilifanyika? Je, chanjo ilikuwapo? Je, msimamizi alifika kituoni au alisaini akiwa ofisini?

Wakati huo huo dunia ilikuwa ikitazama kwingine. Ebola ilikuwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, na kufikia mwisho wake, Juni 2020, iliua watu 2,287. Surua nayo ilianza kuenea, ikafika majimbo yote 26. Kufikia Januari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa zaidi ya 310,000 na vifo zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa Ebola kulikuwa na mahema, helikopta na waandishi wa habari. Surua, ambayo chanjo yake ilikuwa na zaidi ya nusu karne, iliua karibu mara tatu yake.

Ofisini tulikuwa na jibu la haraka kwa nini: wazazi hawaleti watoto. Niliandika sentensi hiyo katika ripoti kadhaa kwa amri ya mkubwa wangu. Madaftari ya vituo yalisema jambo jingine. Kulikuwa na akina mama waliofika mara mbili, mara tatu, na mbele ya jina la mtoto hapakuwa na tarehe ya sindano. Ili nielewe, nilianza kufuatana na wasimamizi wakienda vijijini.

Kituo kimoja kilikuwa mwendo wa saa nne kwa pikipiki. Muuguzi wake mkuu alikuwa mzee aliyeanza kazi enzi za Zaire, na jokofu lake sasa lilikuwa la sola. Siku hiyo alikuja mama mmoja na mtoto wa miezi tisa mgongoni. Alitoka vibanda vya waliokimbia mapigano ya Watwa na Waluba.

"Papa muganga, nimeleta mtoto kwa surua."

"Mama, uko peke yako leo. Urudi Jumanne, wenzako watakuwapo."

"Jumanne iliyopita uliniambia hivyo hivyo, Papa."

Mama alipotoka nje kukaa kivulini, mzee alinionyesha kichupa. Chanjo ya surua huja ikiwa unga, na kichupa kimoja ni dozi kumi. Ukishauchanganya na maji yake una saa sita. Zikipita, kinachobaki kinatupwa. Ukikifungua kwa mtoto mmoja, unatupa dozi tisa.

"Wewe ndiye unayehesabu, mwanangu," aliniambia bila hasira. "Mwisho wa mwezi nikiandika nimetupa tisa, mnaniita zoni nijieleze. Nikimrudisha mama, nani ananiita?"

Alikuwa amesema kweli. Fomu yetu ilikuwa na safu ya dozi zilizotupwa. Haikuwa na safu ya mtoto aliyerudishwa nyumbani. Mwongozo wa kitaalamu ulikuwa wazi tangu zamani, kwamba ni heri kupoteza dozi kuliko kupoteza mtoto, lakini muuguzi hulindwa na fomu, halindwi na mwongozo. Umbali kutoka vile vibanda ulikuwa nusu siku kwa miguu. Mama anayelima kwa kibarua akirudishwa mara mbili, amepoteza siku mbili za chakula. Tukimwandika kuwa amekataa chanjo, tunamsingizia.

Kurudisha chanjo za kawaida, katika sehemu ile, kulikuwa na sura ya vitu vya namna hiyo. Vipindi vikaongezwa na kuwekwa siku zinazojulikana, vingine karibu na vibanda vyenyewe ili watoto kumi wapatikane. Wahamasishaji wa kijiji waliandika majina ya wajawazito, ili mtoto atarajiwe kabla hajazaliwa. Wasimamizi walipiga picha vipimajoto vya majokofu. Chini ya fomu yetu tulichora kwa rula safu moja zaidi: "waliofika wakarudishwa". Mwezi wa kwanza vituo vingi viliiacha tupu. Mwezi wa tatu namba zilianza kuonekana, na mkubwa wangu hakuniamuru tena kuandika ile sentensi.

Mwaka 2020 korona ilipofika, watu waliogopa vituo vya afya na safari za usimamizi zikapungua. Duniani kote, watoto wanaopata dozi tatu za kifaduro na wenzake walishuka kutoka asilimia 86 mwaka 2019 hadi 81 mwaka 2021, na Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zenye watoto wengi ambao hawajaguswa na sindano hata moja. Sehemu ya tulichojenga iliporomoka tena, kimya kimya kama miaka ya 1990, kituo kimoja baada ya kingine. Tofauti ni kwamba safari hii tuliiona ikiporomoka, kwa sababu kulikuwa na watu wanaohesabu vipindi visivyofanyika. Ramani ya kuanzia ilikuwapo.

Yule mama hakurudi Jumanne iliyofuata, kwa kuwa hakuhitaji. Mzee alimwita ndani, akafungua kichupa, akachanganya unga na maji, akamchanja mtoto mmoja. Kisha akamtuma kijana wa kituo apite vibandani na baiskeli kutangaza kwamba kimefunguliwa na saa zinakwenda. Kufikia saa tisa alasiri walikuwa wamechanjwa watoto saba. Katika daftari lake aliandika: zilizotumika 7, zilizotupwa 3. Akaigeuza kalamu upande wangu ili nisaini chini yake.