Mzigo ni Nusu ya Safari

Juma hili mazungumzo yangu yanatoka Tabora. Nikiwa hapa nilijiwa na kijana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, amebeba mkoba wenye madaftari manne. Madaftari hayo yalikuwa na hadithi ndefu ya upelelezi, imeandikwa kwa mkono tangu mwanzo hadi tamati.

"Shikamoo, mzee," akaniambia. "Nimeuza ng'ombe wawili. Nataka nichapishe nakala elfu moja kwa fedha yangu mwenyewe. Wanishauri nini?"

Nikaitikia marahaba, kisha nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu swali hilo niliwahi kulijibu vibaya mimi mwenyewe. Badala ya kumjibu palepale, nilimwomba kesho yake tuandamane hadi Kwihara, nje kidogo ya mji.

Kwihara ipo nyumba ya tembe ambayo wageni wengi huenda kuipiga picha. Katika nyumba hiyo David Livingstone alikaa mwaka 1872. Stanley aliagana naye mwezi Machi akashuka pwani, na yule mzee akabaki akingoja watu na vifaa vya kuendelea na safari. Alingoja hadi Agosti. Alikuwa na nia, alikuwa na daftari lake, alikuwa na ujuzi wa njia. Lakini asiye na wapagazi hasafiri. Mwaka uliofuata akafariki.

Nikamwambia kijana: Hapa ndipo waandishi wengi wanapokaa. Kitabu kimekwisha, safari haijaanza.

Tazameni mfano wa Aniceti Kitereza wa Ukerewe, mzaliwa wa mwaka 1896. Mwaka 1945 alikuwa amekwisha kuandika kwa Kikerewe hadithi kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupata wa kuichapisha. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, akaendelea kungoja. Kitabu kilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, na mwaka 1981 mzee akaaga dunia. Miaka thelathini na mitano! Kazi yake leo yasifiwa hata ng'ambo, lakini nani atamrudishia ile miaka?

Basi je, dawa ni kila mtu ajichapishie? Hapo ndipo historia ya Tabora inapotufaa.

Tunapotaja njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Mpwapwa na Ugogo hadi hapa, na kutoka hapa hadi Ujiji, twakumbuka kwanza pembe za ndovu na minyororo ya watumwa. Ni haki kukumbuka. Uovu ule haufai kufunikwa. Lakini katika njia hiyohiyo walipita Wanyamwezi maelfu kwa maelfu, watu huru, waliobeba mizigo kwa ujira waliopatana. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo thelathini. Kutoka pwani hadi Tabora ni mwendo wa miezi mitatu. Stanley mwenyewe, aliyekuwa na haraka, mwaka 1871 aliondoka Bagamoyo mwezi Machi akafika huku mwezi Juni.

Watu hao wamesifiwa kwa nguvu za mabega. Mimi nawasifu kwa hesabu. Mnyamwezi wa zamani aliupanga mwaka wake. Mvua zikiisha na mavuno yakiwa ghalani, ndipo alipofunga safari. Na alijitahidi arudi kabla ya majira ya kulima. Upagazi haukumwondoa shambani, na shamba ndilo lililomwezesha kukataa ujira mbaya. Wengine walikuwa na pembe yao au bidhaa yao ndogo ya kuuza wenyewe huko waendako. Tena kila msafara ulijua kwamba shehena si gharama pekee. Kulikuwa na posho ya kila siku, ikilipwa kwa nguo za merikani na kaniki au kwa shanga. Kulikuwa na hongo ya watemi wa Ugogo, na nyika isiyo na maji iliyotaka kuvukwa kwa mpango. Mfanyabiashara aliyetumia mali yake yote kununua bidhaa, asibakishe posho, wapagazi walimtoroka katikati ya njia.

Sasa niwaambieni kosa langu. Zamani nilichapisha hadithi yangu kwa akiba yote niliyokuwa nayo. Nakala elfu moja! Siku zilipoletwa nyumbani nilijiona bwana mkubwa. Sikuwa nimebakiza hata nauli ya kuzipeleka Nzega. Nilizigawa kwa wenye maduka kwa maneno matupu, bila hati. Baadhi walinilipa, baadhi wakasema vimeliwa na panya. Zilizobaki, mchwa walizisoma kabla ya wasomaji. Mke wangu, Mungu amrehemu, hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Hadithi ile haikuwa mbaya. Ilifia njiani kwa kukosa posho.

Lakini wapo waliofika. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo, na mwaka 1974 Elvis Musiba alipotoa Kufa na Kupona, msafara ulikuwa wa East African Literature Bureau. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na msafara huo ukavunjika nayo. Wenye hadithi ikawabidi watafute njia nyingine. Ndipo akatokea Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma mwaka 1958, mtoto wa mwisho wa njia yetu hii. Alikuwa mwandishi wa habari, akaunda kampuni ya Heko, na kwa jina hilo vikatoka Tutarudi na Roho Zetu? mwaka 1987 na Dar es Salaam Usiku mwaka 1990. Mpelelezi wake Joram Kiango alisafiri kitabu hadi kitabu, hata msomaji akimaliza kimoja akauliza kingine. Mtobwa alifariki mwaka 2008, na jina la Joram lingali midomoni mwa watu. Naye Musiba alikuwa mfanyabiashara. Tazama: wote wawili walikuwa na shamba lao kando ya kalamu, kama Mnyamwezi.

Tulipokuwa tukirudi mjini nikampa kijana jibu langu. Usiache ualimu. Fedha ya ng'ombe igawe mafungu matatu: moja la kuchapa, moja la kusafirisha, moja lisiguswe mpaka mauzo yarudi. Chapa nakala mia tatu, si elfu. Kila dukani andikisha hati. Na kabla cha kwanza hakijatoka, uwe umeanza cha pili, kwa sababu msafara mmoja haufanyi biashara.

Akacheka, akaniuliza: "Na kama hadithi yenyewe ni mbaya, mzee?"

Nikamwambia aniachie madaftari. Nimesoma mawili. Mwanangu, kama unasikiliza: ng'ombe wako hawakuuzwa bure. Ila sura ya tano iandike upya.

Ndugu wasikilizaji, tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.