Sega la Kauri katika Bomba la Moshi

Msafiri avukaye Likoni kwenda Diani na Msambweni huona magari mengi yaliyotumika kwanza Japani. Magari hayo huundwa na chombo cha kusafishia moshi: sega la kauri, mfano wa sega la nyuki, lililopakwa platini na madini mengine ya thamani. Moshi upitapo humo, hewa za sumu hugeuka, nyingi zikawa mvuke, naitrojeni na kaboni dayoksaidi.

Zamani petroli ilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto. Risasi hiyo hulifunika sega, likafa. Basi fundi aliyeling'oa siku zile alikuwa na udhuru. Mwaka 2001, mjini Dakar, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliazimia kuiacha. Kufikia Januari 2006 zilikuwa zimeiacha, Kenya ikiwamo.

Udhuru ukaisha, mkono haukukoma. Wako wapendao mbio, watakao moshi upite upesi ili injini iongeze nguvu, nayo huongeza kidogo tu. Wako wanaouza madini yake. Sumu hutoka nzima, na wa kwanza kuivuta ni waendao kwa miguu, wakingoja kivuko kando ya magari.