Voi, Taveta na Vilima vya Wundanyi
Msafiri atokaye Mombasa, akiisha kuivuka nyika ya Taru yenye miiba na kiu, huwasili Voi, mji ulioinuliwa na reli iliyoanzwa mwaka 1896. Na hapo ndipo Waingereza, baada ya Wajerumani kuitwaa Taveta mwezi Agosti 1914, walipoanzia kutandaza njia ya pili, kupitia Maktau, ili kuwakabili adui. Makaburi ya askari yangaliko, mawe yake yamepangwa safu safu. Lakini mimi naistahi zaidi Wundanyi, kule juu penye ukungu na migomba, ambako Wataita wa kale waliyahifadhi mafuvu ya wazee wao mapangoni, yakipangwa kwa taadhima chini ya miamba, na ukame ulipozidi wakayaendea kwa dua.