Bandu Bandu Humaliza Gogo: Mikoko, Misitu na Haja ya Sheria

Ukiingia katika nyumba kongwe ya Mji Mkongwe wa Unguja, au ya Lamu, ukainua macho juu, utaziona boriti zimepangwa safu, zimebeba sakafu ya mawe na chokaa. Kisha tazama upana wa chumba. Vyumba hivyo ni virefu lakini vyembamba, na upana wake hauzidi sana mita 3. Si kwamba waashi wetu walikuwa hawajui kujenga ukumbi mpana. Kipimo walipewa na mti. Urefu wa boriti ya mkoko iwezayo kubeba sakafu bila ya kupinda ndio uliokuwa mpaka wa chumba. Tumezaliwa, tumeolewa na tumefiwa ndani ya kipimo kilichowekwa na mti uotao katika tope la bahari.

Nataka kusimulia kwa ufupi historia ya mti huu na ya misitu iliyo jirani yake, kwa kuwa ndani yake mna jawabu la suali ambalo hatuna budi kulijibu: je, mila pekee yatosha kulilinda pori na viumbe vyake, au pana haja ya sheria ya dola? Na ikiwa sheria ni lazima, basi iwe sheria ya namna gani?

Biashara ya boriti ni kongwe kuliko miji yetu mingi. Katika karne ya 10, mwanajiografia Al-Istakhri aliandika kuwa nyumba za Siraf, bandari kubwa ya Ghuba wakati huo, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji. Zanji ndiyo pwani yetu. Miaka elfu moja baadaye hali ilikuwa ni ile ile. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri katika jahazi la Kuwait mnamo 1938 na 1939, akashuhudia mabaharia wakiingia katika delta ya Rufiji, wakizama katika tope na kupakia boriti za kupelekwa katika nchi isiyo na miti. Kitabu chake juu ya safari hiyo kilitoka mwaka 1940. Majahazi yalikuja na kaskazi yakiwa na tende, mazulia na samaki wakavu, yakarudi na kusi yakiwa na boriti. Wakataji walizihesabu kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kila unene wa mti ulikuwa na jina lake: fito, pau, boriti, nguzo.

Msomaji atauliza: iweje msitu ukatwe kwa miaka elfu moja na usimalizike? Tusijidanganye kwamba wazee wetu wote walikuwa walinzi wa maumbile. Walikata kwa haja na kwa faida, kama sisi. Ila chombo chao kilikuwa shoka, usafiri wao ulikuwa tanga, na mnunuzi wao aliletwa na upepo mara moja kwa mwaka. Udhaifu wa nyenzo ulikuwa ndio mlinzi wa kwanza.

Mlinzi wa pili alikuwa mila. Katika vijiji vya kusini na mashariki ya Unguja, wavyale walishika amana ya pori na mizimu yake, wakajua ni wapi pa kulimwa na ni wapi pasipoguswa. Upande wa Kenya, Wamijikenda walizihifadhi kaya zao, misitu iliyozunguka makao ya mababu, ambamo kukata mti ovyo kulikuwa ni kosa mbele ya walio hai na waliokufa. Na kwa sisi tuliolelewa katika Uislamu, hapakuwa na ugeni wowote katika jambo hili. Madina ilifanywa haram, miti yake isikatwe wala mawindo yake yasifukuzwe, na Arabuni palikuwa na hima, ardhi ya malisho iliyotengwa kwa maslaha ya wote. Fikra kwamba mtawala ana wajibu wa kuweka mpaka baina ya tamaa ya mtu mmoja na haki ya umma haikuletwa kwetu na meli ya Mzungu.

Kilicholetwa na meli hiyo kilikuwa kitu kingine. Mwishoni mwa karne ya 19, Wajerumani walianza kuisimamia mikoko ya Rufiji kwa amri za serikali, na baadaye wakatenga misitu mingine barani. Kwa maneno, makusudio yalikuwa ni kuhifadhi. Kwa vitendo, serikali ilitaka pato la mbao na magome, na ilitaka kutawala kazi za watu. Mtu aliyekuwa jana akikata mti wa kujengea kibanda chake, leo aliitwa mwizi. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameonyesha kuwa makatazo ya misitu yalikuwa miongoni mwa machungu yaliyozaa vita vya Majimaji mnamo 1905. Hilo ni funzo la kwanza. Sheria inayomfanya mwenyeji kuwa mgeni katika msitu wake haiulindi msitu, bali huupandia chuki.

Funzo la pili latoka Kenya. Mikoko ya huko ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kupeleka boriti nje ya nchi. Marufuku yalikuja wakati mafuta yalikwisha kuigeuza Ghuba, na saruji na chuma vilikwisha kuchukua nafasi ya mkoko. Lamu ilipoteza biashara iliyolisha nyumba nyingi, na mkataji aliachwa atafute njia yake mwenyewe. Sheria iliyochelewa humkuta mnunuzi amekwisha ondoka, ikamwangukia mkataji peke yake.

Hapa visiwani tunajua zaidi maana ya kuchelewa. Unguja ilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara. Watu walimwogopa na kumhusisha na uchawi, na baada ya 1964 pakaendeshwa kampeni ya kumsaka. Leo wataalamu wengi wamemhesabu kuwa ametoweka. Hakuna baraza liwezalo kutunga sheria ya kumrudisha.

Lakini tunayo pia mifano ya kufika kwa wakati. Kima punju asili yake ni Unguja peke yake. Hata jina lake lilikuwa ni tuhuma, kwani punju ni sumu, na wakulima waliamini kuwa mti anaoula hunyauka. Mwaka 1996 Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria Namba 10, ya usimamizi na uhifadhi wa rasilimali za misitu, iliyofungua mlango wa mikataba baina ya serikali na jamii za vijijini. Mwaka 2004 eneo la Jozani na Ghuba ya Chwaka, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 50, likawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Zanzibar, na mwaka 2016 UNESCO ikalitambua kuwa hifadhi ya viumbe na mazingira. Sehemu ya kiingilio cha wageni imekuwa ikirudi vijijini. Hata matuta yaliyowekwa barabarani yalipunguza vifo vya kima waliogongwa na magari. Hesabu iliyotolewa mwaka 2017 ilikuta kima zaidi ya 5,800, idadi kubwa kuliko ilivyodhaniwa, na wengi wao wanaishi ndani ya maeneo ya hifadhi, ingawa watoto wachache mno ndio wafikao utu uzima.

Pemba nayo ina ushahidi wake. Popo wa Pemba, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu ya kumalizika kwa kuwindwa na kukatiwa miti, alihesabiwa kufikia wapatao 20,000 katika muongo wa kwanza wa karne hii, baada ya wanavijiji kuyalinda wenyewe makao yake. Na Misali, kisiwa kinachosimuliwa kuwa Nabii Khidhri alikifanya msala wake, kilikuwa kimewekewa mpango wa hoteli katika miaka ya 1990. Wavuvi na watetezi wao wakapinga, na mwaka 1998 kikatangazwa kisheria kuwa eneo la hifadhi. Hapo mila ilisema kwanza, na sheria ikatia muhuri. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kaya pia: kuanzia 1992 Kenya ilizitangaza kuwa turathi za taifa, na mwaka 2008 baadhi yake zikaingia katika Urithi wa Dunia.

Basi hoja yangu ni hii. Mila bila ya sheria haiwezi tena, kwa kuwa nyenzo zimebadilika. Msumeno wa moto hauogopi mzimu, na lori halingoji kaskazi. Mvyale anaweza kumkanya kijana wa kijijini mwake. Hawezi kumkanya tajiri asiyemjua, aagizaye kuni za tanuu la chokaa au nguzo za mgahawa wa ufukweni kwa simu. Dola peke yake ndiyo yenye mkono wa kumfikia huyo. Na sheria bila ya mila nayo ni karatasi, kwa kuwa hapana serikali iwezayo kumweka mlinzi chini ya kila mti.

Kwa hiyo wawakilishi wetu, ambao mambo ya misitu ya visiwa hivi yamo mikononi mwao, tuwatake mambo matatu. Na pale ambapo yamekwisha kuandikwa, tuwatake wayasimamie. La kwanza, ulinzi ufuate makao ya kiumbe wala usikomee penye uzio. Kima hajui ramani, na vichaka vinavyounganisha msitu na msitu ni sehemu ya msitu. La pili, mkataba wa kijiji uwe na nguvu ya kweli: kijiji kinachoambiwa kisikate kiwe na sauti pia wakati ardhi yake inapoombwa na mwekezaji, na pato la hifadhi kifike kwa hesabu iliyo wazi. La tatu, adhabu ianze kwa mnunuzi. Mama aliyebeba mzigo wa kuni kichwani ni rahisi kukamatwa, lakini siye anayeumaliza msitu.

Na asiseme mtu wa mjini kuwa haya ni mambo ya shamba. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Kila mwaka mvua za masika huingia katika dari za nyumba hizo, na boriti zilizooza huanguka. Fundi anayetaka kuzitengeneza kama zilivyokuwa huhitaji boriti mpya, za urefu ule ule na unene ule ule, nazo haziagizwi kiwandani. Hukua taratibu katika tope la Chwaka na la Pemba, mahali ambapo kaa na kamba hulelewa na mawimbi huvunjwa nguvu kabla ya kuufikia mji.

Wazee walisema bandu bandu humaliza gogo. Methali hiyo tumezoea kuitumia kwa kumsifu mwenye subira. Tuisome sasa kwa upande wa gogo. Tukiumaliza msitu kwa bandu bandu, dari nazo zitaporomoka bandu bandu, na tutakaowalaumu tutakuwa ni sisi wenyewe, tulioishi chini ya boriti zile bila ya kuinua macho.